Mkate Usiomomonyoka

Jumapili, 3 Februari

Dada yangu, shikamoo.

Mzigo umefika salama. Aproni zimekaa vizuri zote, hata kwa yule mpishi wetu mwenye kitambi, ambaye za dukani zilikuwa zikimwishia mbavuni. Safari hii amefunga kamba na akabakiza ya kuchezea. Mume wangu anasema mkono wako haubahatishi.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu yangu sasa ndiyo simu ya mgahawa. Namba yangu ndiyo iliyoandikwa kwenye vipeperushi, kwa hiyo inashinda kaunta na inalala kaunta, na ikilia anapokea yeyote aliye karibu. Juzi ulipopiga mama mkwe alikuambia niko bafuni. Ni kweli nilikuwa bafuni, lakini nilipotoka hakuna aliyekumbuka kuniambia. Nimeona bora nikuandikie, nitie barua kwenye mfuko wa aproni iliyochanika. Wewe ukiishona, unirudishie na maneno yako humo humo.

Biashara inakwenda mbio. Tumehamia jengo jipya, mgahawa chini, sisi juu. Ngazi inashukia katikati ya ukumbi na mlango mwingine hakuna, kwa hiyo hata nikienda kununua sabuni lazima nipite kati ya wateja, na wateja wote wananijua. Ukutani kuna picha yangu kubwa kama mlango, nimeshika baga kwa mikono miwili, nacheka. Chini yake pameandikwa: “Mke wangu haruhusiwi ngano. Hapa anakula. Karibu na wewe.”

Unakumbuka daktari alivyotuambia, kwamba ile gluteni, kitu kilichomo kwenye ngano kinachofanya donge livutike, kwangu mimi ni sumu hata ikiwa chembe. Na unamkumbuka kijana aliyenitongoza kwa mkate wa unga wa muhogo na mchele, aliouoka mwenyewe jikoni kwa mama yake. Ulimomonyoka wote mapajani mwangu, tukaula kwa kijiko. Mkate ule ndio uliompa jina mjini.

Kila Jumamosi mchana nakaa meza ya mbele, penye kioo, nakula baga nzima. Wapo wenye shida kama yangu wanaotoka mbali, na wengine hawaagizi mpaka waone nimemeza.

Mimi sijambo. Nimekonda kidogo, ni pilikapilika tu. Nakutumia lile gauni la bluu ulipunguze kiunoni.

Mdogo wako,
Chiriku


Jumanne, 12 Februari

Chiriku wangu, marahaba.

Gauni nimelipunguza. Vidole vitatu kila upande! Huko si kukonda kidogo, wewe. Au huyo mumeo anawalisha wateja halafu wewe anakupa harufu?

Ninatania. Hapa kwetu huyo bwana hasemwi. Mama anaizungumzia ile picha yako mpaka majirani wameanza kumkwepa. Aliikata kwenye kipeperushi akaibandika juu ya kitanda, anasema mwanangu ni tangazo. Mimi mwenyewe ninavyokuonea wivu, acha tu. Nimeinama kwenye cherehani kutwa, shingo imekakamaa kama ya sanamu, na wewe kazi yako ni kukaa kwenye kioo na kula.

Lakini nikiri, aproni zenu zimetuinua. Nimenunua cherehani ya pili, na lile paa lililokuwa likituvujia chumbani kwa Mama limezibwa. Mumeo amesema mgahawa wa pili ukifunguliwa nitashona na mapazia. Mungu amzidishie.

Sasa niambie ukweli. Unaumwa?

Dada yako


Jumapili, 24 Februari

Dada, shikamoo.

Umeuliza, nami sijui nianzie wapi. Asubuhi natapika. Si kila siku, lakini Jumapili na Jumatatu sinyanyuki. Tumbo linajaa, nguo zinabana mbele na kupwaya nyuma. Nikipanda ngazi napumzika mara mbili. Nafungulia bomba la bafuni mama mkwe asinisikie.

Usimwambie Mama, nakuomba. Usimwambie mtu yeyote. Kuna jambo nalishuku, ila nataka niwe na uhakika kwanza, maana likiwa kweli, nyumba hii haitakuwa tena kama ilivyokuwa. Nikishajua nitakueleza mwenyewe.

Nimeandika haraka. Mama mkwe ananiita, kuna watu wanataka kupiga picha na mimi.

Chiriku


Jumanne, 5 Machi

Weee Chiriku!

Nyumba haitakuwa kama ilivyokuwa! Hivyo ndivyo siku hizi mnavyosema? Kutapika asubuhi, tumbo kujaa, kuchoka kwenye ngazi, na wewe unanizungusha kwa mafumbo kama mimi mtoto wa shule! Hata kule kukonda nimeshaelewa. Mimba changa hukondesha.

Nisamehe mdogo wangu. Niliapa kunyamaza, nikanyamaza tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Halafu Mama akaniuliza mbona nacheka peke yangu, na mdomo ukanitoka. Miaka yote hii ya ndoa! Mama alipiga vigelegele mpaka fundi viatu wa mtaa wa pili akaja kuuliza kuna nini. Akachukua simu palepale akampigia mama mkwe wako. Walilia wote wawili kwenye simu, mmoja huku mmoja huko.

Kwa hiyo usijifiche tena. Pumzika, waache wakudekeze.

Dada, karibu Mama Mkubwa


Alhamisi, 14 Machi

Kwako shemeji yangu mpendwa, shikamoo.

Nakuandikia kukushukuru. Mke wangu ana haya. Jambo hili angelificha mpaka mtoto aanze kutembea kama si wewe. Mama yangu aliposikia alipiga magoti jikoni, kwenye mafuta na kila kitu.

Usiwe na wasiwasi wowote juu yake. Hafanyi kazi tena. Hashuki ngazi ila Mama awe amemshika mkono. Sokoni haendi, barabarani hapana, pikipiki ni nyingi. Simu nayo nimemwondolea kabisa asisumbuliwe. Chakula chake ni chetu wenyewe, salama, kisicho na ngano, na tumemwongezea baga ya Jumatano ili mtoto apate nguvu. Jumamosi anashuka kama kawaida. Sitaki kukuficha, shemeji, wateja wakimkosa huuliza. Juzi mama mmoja mjamzito alisema, “Kama yeye anakula na mimba, basi na mimi nitakula.” Nilijisikia mtu.

Ile nyumba ya zamani ya Mama tuliiweka dhamana benki ili tupate jengo hili. Usiku nilikuwa silali. Sasa nalala.

Nina ombi. Mshonee gauni la mimba, zuri, rangi ya kung’aa. Tumbo likitokeza tutapiga picha mpya ya ukutani.

Shemeji yako mtiifu


Jumapili, 17 Machi

Dada,

Sina mimba.

Nimepata siku zangu wiki ile ile uliyoandika barua yako. Nimefua usiku, nimeanika ndani ya kabati. Kila asubuhi mama mkwe anaweka kiganja tumboni mwangu, anafumba macho, anaongea na mtu ambaye hayupo. Na mimi nasimama, namwacha.

Nilikuambia usiseme! Nilikuambia!

Sasa nisikilize, maana sina mwingine. Mkate umebadilika. Zamani ukiuuma ulikuwa unakatika kama udongo mkavu, unauokota kwenye sahani. Tangu tumehamia hapa umekuwa laini. Ukiubonyeza unarudi. Ukiuvuta unavutika. Dada, muhogo na mchele havivutiki hivyo. Nilijua siku ya kwanza, kabla hata tumbo halijasema. Ulimi wangu ulijua. Na mume wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko ananitazama, na meza tatu nzima zinanitazama, nikameza.

Nilidhani labda nimekosea. Labda ni oveni mpya. Jumamosi iliyofuata nikala tena ili nihakikishe, na iliyofuata tena. Hivyo ndivyo nilivyofika hapa. Nywele zinabaki kwenye kitana. Vidole vya miguu vimekufa ganzi.

Nikikataa kula, kila aliye ukumbini atajua papo hapo. Nikila, naumia. Na sasa mmenipa Jumatano.

Chiriku


Jumamosi, 23 Machi

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, na nikaisoma tena nimekaa chini sakafuni. Mdomo huu! Sina la kujitetea. Mama sijamwambia bado. Ameshaanza kufuma soksi.

Nimewaza siku mbili nzima niandike nini. Ushauri wangu ni huu: sema naye kwanza. Huyo si mtu mbaya. Labda ni mpishi anamwibia, labda muuza unga anamchanganyia. Mkamate akiwa peke yake, akiwa ameshiba, mwambie polepole. Usiliwashe ukumbini. Jambo kama hili likitoka nje, benki watachukua nyumba ya yule mama mzee, na ninyi wote mtakuwa barabarani. Na sisi huku pia, sitakuficha, tunakula kwa aproni hizo. Vumilia kidogo mpaka tupate njia.

Ukipata nafasi ya kutema, tema.

Dada yako


Jumapili, 7 Aprili

Dada, shikamoo.

Nimejaribu. Nilimngojea apande juu, nikamtengenezea chai, nikamwambia, “Mkate wa siku hizi umekuwa laini sana.”

Uso ulimkunjuka. “Umeona eh? Nimehangaika nao mno!”

“Umeufanyaje?”

“Siri ya jiko hiyo.” Akacheka, akaniwekea mkono tumboni, akasema na huyo wa ndani pia asiulize maswali ya biashara. Halafu akaanza kunieleza watu wa benki walivyokuja wakaona foleni imefika nje, wakampa mkono. Ana furaha ambayo sijaiona tangu tuoane. Nikamwongezea sukari.

Kutema nako haiwezekani. Mama mkwe anakaa nami meza moja sasa, ananifuta mdomo kama mtoto.

Lakini si hilo ninalotaka kukuambia. Kuna mwalimu mmoja huja kila Jumamosi na binti yake. Binti ana miwani mikubwa kuliko uso, naye haruhusiwi ngano kama mimi. Walianza kuja baada ya kuiona ile picha. Mara ya kwanza alipoletewa baga yake aliuliza mara tatu, “Yote yangu? Na mkate?” Mama yake, huyo mwalimu, alitoka nje kulia.

Jana nilikwenda chooni, nikamkuta ananawa uso. Akanitazama kwenye kioo.

“Anti, na wewe ukitoka hapa tumbo linakukata?”

Dada, nilishika sinki.

“Linakukata wewe?”

“Siku zote. Nyumbani nafungulia bomba Mama asisikie.”

“Kwa nini humwambii?”

Aliniangalia kama mtu anayemwonea huruma mjinga. “Nikimwambia hatuji tena. Hapa ndipo mahali pekee ninapokula kama wenzangu. Na siku yangu ya kuzaliwa nafanyia hapa, nimeshawaalika darasa zima.” Akavaa miwani yake. “Usinisemee, na mimi sitakusemea.”

Akanipa mkono, tukapeana kama watu wazima. Nikarudi mezani kwangu. Nikamaliza baga.

Sherehe yake ni Jumamosi ya tarehe ishirini na saba. Sijalala, Dada. Mimi ni mtu mzima, nimechagua kunyamaza, sawa. Lakini yule anakula kwa sababu anaona mimi nakula.

Chiriku


Jumatatu, 15 Aprili

Chiriku,

Nilikuandikia uvumilie. Futa neno hilo. Choma na barua yenyewe.

Mama nimemwambia yote. Alifumua soksi alizokuwa amefuma, akazungusha uzi kwenye kidole, kisha akasema, “Mwambie asituangalie sisi.” Basi nami nakuambia hivyo hivyo. Usituangalie sisi. Cherehani ya pili ninaweza kuiuza. Paa limeshazibwa, hawatakuja kulizibua.

Gauni la mimba sijashona na sishoni. Kwenye mzigo huu nimetia jingine la bluu nililokushonea, la kiuno chako.

Mambo ya kusema na nani, lini, vipi, utajua wewe. Mimi mdomo wangu umeshafanya kazi yake na umeharibu. Lakini nikae wiki mbili bila kupata barua, napanda basi.

Dada yako


Jumapili, 28 Aprili

Dada,

Nimesema.

Nilikuwa nimepanga kumwita mwalimu pembeni kabla sherehe haijaanza. Mama mkwe hakuniachia mkono. Nikashushwa, nikakalishwa kwenye kioo, gauni jipya, nywele zimefunikwa kilemba ili niliponyonyoka pasionekane. Darasa zima lilikuwa limeshafika, meza zimeunganishwa, maputo. Binti ameketi mwisho wa meza na taji la karatasi. Baga zikaja. Yake ilichomekwa kibendera kuonyesha kwamba ndiyo isiyo na ngano. Alinitazama ng’ambo ya ukumbi. Alikuwa ananingoja mimi niume kwanza.

Niliiweka chini. Nilisimama, mama mkwe akadhani nataka kwenda chooni, akanisindikiza. Nikapinda mpaka kwa mwalimu nikamwambia, si kwa sauti kubwa, lakini unajua watu wanavyonyamaza nikisimama, “Mwalimu, usimpe. Mwanao huumwa kila akitoka hapa. Na mimi naumwa. Mkate huu una ngano.”

Binti alisimama juu ya kiti. “Ulisema hutasema! Tulipeana mkono! Mwongo! Mwongo wewe!” Taji likaangukia kwenye sosi. Wenzake walikuwa wakimtazama yeye na baga zao zimewajaa mdomoni.

Mwalimu hakunifokea. Aliuliza tu, “Umejua tangu lini?”

Nilitazama kile kibendera. Alimbeba binti yake akiwa anapiga mateke, mtoto mkubwa hivyo, akatoka naye. Mtu mmoja akaitema baga yake kwenye kitambaa cha karatasi. Kisha wa pili. Kisha viti vikaanza kusogezwa.

Mume wangu alinishika kiwiko, taratibu, akaniingiza jikoni. Wapishi wakatoka bila kuambiwa. Nilidhani atanipiga, na hajawahi hata kuninyanyulia mkono. Aliegemea oveni.

“Kama ulijua, kwa nini uliendelea kula?”

“Kama ulijua, kwa nini uliendelea kunipa?”

Akapangusa mikono kwenye suruali. Halafu akasema, “Watu walikuwa wanarudisha. Mkate unawamomonyokea mikononi, sosi inawatiririka mpaka viwikoni. Nikatia ngano kidogo, ushikane tu. Jumamosi ile ya kwanza nilisimama mlangoni nikakutazama. Niliapa, akitema tu, namwaga unga wote. Hukutema. Ulimaliza, ukafuta mdomo, ukanichekea. Nikasema, basi. Kidogo hakimdhuru. Nikawapa na wengine.”

“Nilicheka kwa sababu ulikuwa unanitazama.”

“Na mimba? Si umeshika mimba ukiwa unakula?”

“Hakuna mimba.”

Sikujua kwamba mama mkwe yuko nyuma yangu. Alikaa juu ya gunia la unga. Alininyooshea kidole tumboni, bila kunigusa. “Kwa hiyo humo hamna mtu?”

“Hamna, mama.”

“Na miye nilikuwa naongea na nani?”

Akapanda juu kwa kujivuta kwenye ukuta. Hajashuka mpaka sasa, na mimi pia. Tuko vyumba viwili vinavyotazamana, milango imefungwa. Namsikia akikohoa, nadhani naye ananisikia. Chini mume wangu anakokota meza huku na huku, sijui anazipanga au anazipangua. Picha yangu bado iko ukutani. Nikitaka kutoka lazima nipite chini yake, na yeye akiwa pale.

Nilifikiri nikishasema nitakuwa mwepesi. Si mwepesi, Dada. Ni kama nimevunja dirisha la chumba kisha nimebaki humo humo na vigae.

Barua hii nampa mpishi wa kitambi. Aliniletea ndizi mbili, akaziweka mlangoni, akasema, “Hizi hazijaguswa na kitu.”

Chiriku


Ijumaa, 31 Mei

Mke wangu,

Nakuandikia kwa anwani ya dada yako, kwa kuwa simu yako bado iko hapa kaunta. Inalia, siipokei.

Siku mliyoondoka nilikuwa nimesimama kwenye kaunta. Dada yako alitangulia na begi, wewe nyuma, mchana kweupe. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno. Ulipita karibu yangu kiasi cha kukushika, nikatazama risiti.

Mwalimu alikuja. Binti alilazwa siku chache, sasa ameruhusiwa. Nilimwomba radhi mwalimu, akaniambia nimuombe mtoto, na mtoto amekataa kuniona. Amekataa kukuona na wewe pia, nimeona ni haki ujue. Anasema sote ni wale wale.

Nimefuta lile tangazo. Tunauza baga za kawaida, wanakuja wachache. Benki wametupa muda. Mama hasemi nami sana, lakini juzi aliniuliza kama huko uliko unakula.

Nimepata chumba kidogo nyuma ya duka la dawa. Nitaweka oveni nyingine, bamba jingine la kukaangia, mpishi mwingine. Muhogo na mchele tu. Ukimomonyoka na umomonyoke. Ninachoomba urudi siku ya ufunguzi, ukae mbele watu wakuone. Bila wewe hakuna atakayeniamini tena.

Mumeo


Jumapili, 9 Juni

Mume wangu, salamu.

Barua yako nimeipata na nimeisoma peke yangu. Mwambie mama mkwe nakula. Viazi, mayai, wali, ndizi, vitu ambavyo nimeona vikimenywa na kupikwa. Mwambie pia kwamba ninaikumbuka mikono yake, na kwamba kumwacha aongee na tumbo tupu ndilo jambo ninaloona aibu kuliko yote. Daktari wa huku amenipa dawa za damu. Amesema mwili utarudi, ila hautarudi kwa pupa. Kuhusu mtoto alisema tusubiri mwili upone kwanza, asiniahidi wala asinikatishe tamaa.

Binti ana haki yake. Nilimpa mkono wangu nikauvunja, na kabla ya hapo nilimwonyesha kula. Sitamlazimisha aone tofauti kati yangu na wewe, maana kuna siku nami siioni.

Sasa habari ya ufunguzi. Jana Dada alinitoa, akasema nimekaa ndani mno, yeye ananukia mafuta ya cherehani na mimi nanukia dawa. Tukaingia mgahawa mdogo wa baga, meza nne, redio inakwaruza. Kwenye ubao wameandika kwa chaki kwamba wana baga isiyo na ngano. Nilitaka kukimbia, na nilitaka kuagiza mbili.

Nilimwita mpishi. Mwanamke wa makamo, amejifunga taulo begani. Nikamuuliza anaipikaje.

Akanitazama usoni, akaelewa. “Mkate naununua umefungwa, huo ni salama. Lakini dada, wewe ni wa kuacha ngano kwa kupenda au kwa ugonjwa?”

“Ugonjwa.”

“Basi hapa usile. Nikudanganye ili iweje? Bamba ni moja, mafuta ni yale yale, kisu ni hiki hiki. Kwa anayeacha kwa kupenda, sawa. Kwako hapana.”

Mume wangu, nilicheka mpaka machozi yakanitoka, Dada akanifinya chini ya meza akidhani nimerukwa na akili. Mtu mgeni kabisa, mwenye njaa ya wateja, meza tatu zikiwa tupu, ameninyima chakula usoni kwangu. Nikanywa soda. Dada akala baga yake na jibini ikimning’inia kidevuni, nikawa namtazama, wala sikuona wivu.

Siku ya ufunguzi sitakuja, na mbele sitakaa. Wakitaka kuamini, waonyeshe jiko. Mimi nitakuja siku yoyote ya kawaida, bila kukuambia, nitasimama foleni na wateja, na zamu yangu ikifika nitakuuliza kama nilivyomuuliza yule mama mpishi. Sijui utanijibu nini kukiwa na watu nyuma yangu wanaosikiliza. Nimekaa hapa najaribu kuisikia sauti yako ikinijibu, na bado siisikii. Ndiyo maana sijakata tiketi.

Mkeo